Punda wa Katiba Aahirisha Mahojiano

"Imeahirishwa!" Mwalimu Nzomo alitua kwa benchi letu hapo kwa kibanda cha chai cha Kamanthe, Masii, akakunja miguu kama mtu aliye likizo. "Intavyu ya diputi. Ilikuwa leo saa nane. Mama Kamanthe, leta chai na mandazi mbili. Leo sina haraka na dunia."

Tulishtuka. Huyu mwalimu amekaimu unaibu wa mwalimu mkuu mpaka hata mbuzi wa shule wanamwita diputi, lakini barua ya kumthibitisha haijawahi kuja. Hiyo intavyu ameiombea hadi kanisani, kwa sauti, tukisikia wote.

"Nani amesema?" akauliza Katiba. Katiba ni mzee anayeuza maji ya kubebwa na punda wake. Ukimkanyaga mguu anakusomea kifungu cha sheria.

"Simu imesema." Mwalimu akaiinua juu. "Hii inaitwa kisomaji cha habari. Unachagua mwenyewe tovuti unazotaka: gazeti, wizara, baraza la mitihani, hata blogu ya hapa nyumbani. Wakiandika kitu, kinakuja hapa chenyewe. Hungojei forwadi za WhatsApp ati ndimu inaponya kila kitu. Kila mwalimu angekuwa nayo, hii nchi..."

"Tumesikia, Mwalimu," Kamanthe akamkata. "Hata mandazi yangu siku hizi unauliza simu kama yameiva."

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Redio, maana bila Redio hii hadithi haina miguu. Jina lake ni Kimanzi. Zamani habari zote za Masii zilipitia mdomo wake. Alijua nani amekufa kabla marehemu mwenyewe hajajua. Halafu Mwalimu akaja na hiyo kitu yake. Redio akifungua mdomo, Mwalimu anaangalia simu, anasema, "Haiko hapa," na sisi tunacheka. Hata mimi nilicheka. Mzee aliumia, na haikuwa siri. Leo alikuwa ameketi mwisho wa benchi akinywa chai bila neno, na hiyo peke yake ingetosha kutuonya.

"Hebu soma hiyo maneno," Katiba akaamuru.

Mwalimu akasafisha koo. "'Mahojiano ya manaibu yaahirishwa baada ya mwenyekiti wa jopo kuumwa na punda.' Masii Chapchap, hiyo blogu ya hapa, waliandika jana usiku. Asubuhi tovuti ingine ikaandika. Sasa hivi nimepata ya tatu. Watu watatu, bana! Redio, wewe ukisema kitu, kuna nani mwingine amesema?"

Redio akakohoa.

"Punda gani huyo?" Katiba akauliza.

"'Punda mweupe mwenye sikio moja. Alimuuma mwenyekiti begani karibu na mashine ya kusaga, kisha akamlia kofia.'"

Tukageuka sote kuangalia ng'ambo ya barabara, ambapo Seneta, punda wa Katiba, alikuwa amesimama na sikio lake moja akitafuna katoni. Halafu tukamgeukia Katiba, ambaye tangu wiki iliyopita hana kofia, na bega limefungwa bandeji.

"Asi!" Katiba akaruka. "Hiyo ni bega yangu!"

"Na kofia je?" nikamuuliza.

"Kofia pia ni yangu!"

Macho yote yakaenda mwisho wa benchi. Redio alikuwa anachunguza ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha kitu huko.

"Kimanzi," Kamanthe akasema. Akikuita kwa jina lililo kwa kitambulisho, jua maji yamezidi unga.

"Si mimi nimeandika. Laban wa hiyo blogu aliniuliza kama kuna habari. Nikampa. Kwani kazi yangu ni gani hapa?" Akamgeukia Mwalimu, sauti ikashuka. "Wewe hunisikizi hata nikikwambia kumekucha. Nilitaka tu kuona kama hiyo simu itanisikia. Sikujua utaamini!"

"Lakini wako watatu," Mwalimu akasema, karibu kulia.

"Watatu wamekamua ng'ombe mmoja," Katiba akasema. "Na ng'ombe ni huyu."

"Ofisi yenyewe iliyokuita imesema nini?" nikauliza.

Mwalimu akapekua kwa kidole. "Haijasema kitu."

"Basi iko leo! Ondoka!"

Akasimama, chai ikamwagikia suruali. Kamanthe akampiga na kitambaa kuikausha. Hapo ndipo tukaona miguu: Mwalimu alikuwa na sandale za bafuni. Katiba ana gambuti, mimi nina viatu vinavyocheka mbele. Redio akainama bila kuambiwa, akavua viatu vyake vyeusi vya kanisa.

"Vaa. Vinabana kidogo."

Vilibana si kidogo. Mwalimu aliifuata bodaboda akitembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, wakaondoka na vumbi.

Redio akabaki na soksi, akiangalia barabara. "Na akikosa hiyo kazi?"

"Akikosa, hapa usirudi," Kamanthe akasema. Lakini alimletea chai ingine. Hakuinywa.

Jioni Mwalimu akarudi, viatu mkononi. Akaketi, akasugua vidole.

"Nilifika. Nilikuwa wa kwanza. Na wa mwisho. Wenzangu wote walioitwa intavyu walisoma hiyo habari, hakuna aliyekuja. Mwenyekiti ni mama mmoja mkali. Akaniuliza wako wapi, nikampa simu asome mwenyewe. Akasoma kwamba ameumwa na punda." Mwalimu akapumua. "Akajishika bega."

"Halafu?"

"Akasema kuhoji mtu mmoja si haki. Imeahirishwa mpaka wiki ijayo."

Redio akainuka pole pole na soksi zake. "Rudia hapo."

"Imeahirishwa."

"Na mimi nilisema lini?"

"Jana," benchi lote likajibu, hata Kamanthe.

Redio akajinyoosha akarefuka. Kwa mara ya kwanza tangu simu ije, alituangalia mmoja mmoja usoni, na sisi tukacheka mpaka Seneta akaacha katoni yake.

Mwalimu hakucheka. Akamrudishia viatu. "Masii Chapchap nimeitoa kwa simu. Na kuanzia leo, hata wakisema kumi, mimi nauliza kwanza: nani amesema?"

"Hiyo ni haki yako," Katiba akasema.

Kamanthe akaanza kuosha vikombe. Mwalimu akasogea karibu na Redio, akainamisha kichwa.

"Mzee. Na hiyo ya wiki ijayo, umesikia aje?"

Redio akamaliza kufunga kamba za kiatu.

"Nimesikia umepata."

Mwalimu akafungua mdomo. Tukangoja lile swali lake. Akaufunga.

"Mama Kamanthe," akasema, "hebu mpe huyu mzee chai ya moto."