Ngao Nyekundu kwenye Kompyuta ya Shangazi

Jumatatu, 2 Machi

Shangazi kapiga simu kazini, stoo ya mabomba, Keshia, mpokea pesa wetu, akiwa kando yangu. Kompyuta yake inatoa maneno mekundu kwamba ulinzi wa virusi umekwisha muda. Ananitaka mimi. Nikarudia kwa sauti ili Keshia asikie: antivairasi, ndiyo Shangazi, hilo niachie mimi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kaniita kwa sababu Shemeji yuko safarini. Shemeji ni mume wa binti yake, mpima ardhi, mtu wa kuongea polepole huku anafuta miwani. Kila kilichomo kwenye kompyuta ile kakiweka yeye. Miaka minne sasa ukoo mzima unamsifu. Na mimi, niliyekuwa naitwa Mtaalamu tangu siku nilipofufua rimoti ya babu, sasa naitwa pakiwa na kabati la kuhamisha.

Kazi yenyewe si ndogo. Shangazi ni fundi cherehani. Shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yake inabadilisha sare, na kapewa kushona zote: watoto 186. Amewapima mmoja mmoja mwezi mzima na vipimo vyote kaviingiza kwenye kompyuta. Majora ya kitambaa yanafika Jumatatu ijayo, anaanza kukata siku hiyohiyo. Hajawahi kupata kazi kubwa kama hii. Anasema akiitoa vizuri watampa kila mwaka, ataachana na mapazia ya watu wasiorudi kuyachukua.

Mama huyu kanilea tangu nina miaka tisa. Safari hii nitamfaa.

Jumanne, 3 Machi

Utafiti. Nimechora jedwali nyuma ya karatasi za risiti. Antivairasi sita. Bei, nyota, uzito, sifa za wateja. Mpaka saa sita mchana sikuwa nimehudumia mtu. Fundi bomba mmoja alisubiri elbo, kile kiungo cha kona, ya nusu inchi mpaka akazunguka kaunta akajichukulia mwenyewe.

Shida ni kwamba zote zinajisifu sawasawa. Kila moja ni ya kwanza duniani. Nyota nne na nusu zote sita.

Keshia akauliza shangazi yangu anafanyia nini kompyuta. Nikasema anaandika vipimo na kusikiliza redio. Akasema basi ile antivairasi iliyokuja na kompyuta inamtosha, aiwashe tu, na kazi zake atunze nakala pembeni. Keshia ni mtu mwema lakini haoni mbali. Kama dawa yenyewe ni kuwasha kitu kilichomo tayari, mtaalamu wa nini?

Nimechagua ya ngao nyekundu. Sababu ambayo sikuiandika kwenye jedwali: ile aliyoweka Shemeji ina ngao ya bluu.

Jumatano, 4 Machi

Nimefika kwa Shangazi baada ya kazi, begani mkoba wa kompyuta. Mkobani mlikuwa na bisibisi na ndizi.

Chumba chake cha kushonea ni kidogo: cherehani mbili, pasi, meza ya kukatia, na kompyuta pembeni imefunikwa foronya isiingie nyuzi. Shangazi anaandika kwa kidole kimoja, kila herufi kama anabonyeza kengele ya mlango. Kwa kidole hicho kawaingiza watoto 186.

Akaniambia Shemeji kapiga simu. Kwamba kabla sijagusa chochote ninakili faili la vipimo kwenye flashi, flashi iko ndani ya kopo la vifungo. Moyo ukaniuma. Nikasema mimi si wa kufundishwa kwa simu. Shangazi akasema lakini si dakika moja tu. Nikamweleza kwamba mwenye mlinzi getini halali na masanduku mlangoni kama mtu anayejiandaa kukimbia. Akatunga uzi kwenye sindano.

Ile ya bluu haikukubali kutoka bila nenosiri la Shemeji. Nikaiacha humohumo, nikaweka nyekundu juu yake. Walinzi wawili. Nani amewahi kulalamika kwamba ana walinzi wengi?

Ijumaa, 6 Machi

Shangazi kapiga simu mara tatu. Kompyuta imekuwa nzito. Anaiwasha, anakwenda kupiga pasi shati, anarudi, bado.

Nimeenda. Kumbe ngao mbili hazipatani. Bluu inasema nyekundu ni mgeni wa kutiliwa shaka, nyekundu inasema vilevile juu ya bluu, na kila moja inataka mwenye kompyuta aamue. Shangazi katikati, miwani puani, anaomba afungue vipimo vya darasa la pili tu.

Mtu mwingine angeondoa moja. Mimi niliona nyekundu inadharauliwa. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaipandisha hadi kiwango cha mwisho, kinaitwa Ukali wa Juu. Shangazi akauliza kama ni lazima iwe kali hivyo. Nikamwambia virusi havibembelezwi.

Jumamosi, 7 Machi

Ushindi.

Asubuhi, nikiwa kwa Shangazi, ngao nyekundu imekamata tishio. Faili linaitwa Vipimo, mtengenezaji Shemeji. Kumbe humo ndani aliweka amri zake: ukiandika kifua na urefu, faili linakwambia lenyewe zinahitajika mita ngapi za kitambaa. Ngao ikaandika: faili lina amri zilizofichwa, hatari kubwa. Chini yake vitufe viwili, Tenga na Futa.

Nikaita watu. Nilitaka mashahidi. Akaja Shangazi, akaja dada, mke wa Shemeji, akaja pia mteja aliyekuwa anajaribu gauni, mkono mmoja umeshonwa na mmoja bado. Nikawahutubia. Nikasema miaka yote hii mnamsifu mtu, kumbe kazi yake imebeba ugonjwa.

Shangazi akainama karibu na kioo. Akauliza, hivyo si ndivyo vipimo vyangu? Nikasema hicho ni kirusi kimejivika jina la vipimo, vipimo vyenyewe viko kwingine ndani. Akauliza kwingine wapi. Nikasema ndani. Akaniangalia. Akauliza, una hakika, mwanangu?

Sikuwa na hakika. Lakini dada alikuwa amekunja mikono, na yule mteja alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, heshima ambayo sijaiona miaka minne. Nikasema asilimia mia. Nikabonyeza Futa. Kompyuta nayo ikauliza kama nina hakika, maana halitarudi. Nikabonyeza tena.

Jumapili, 8 Machi

Lilikuwa ndilo lenyewe.

Shangazi alitaka kuchapisha vipimo vya darasa la kwanza ili kesho aanze nao. Hakuna. Nimetafuta kwenye kapu la taka, kwenye kila folda, hadi kwenye folda ya picha za harusi. Hakuna. Pembeni ngao nyekundu imeandika: Kompyuta yako ni salama.

Nimemwambia faili linasafishwa, litarudi kesho. Akasema haya. Akaenda kunipikia chai. Niliinywa yote.

Nimerudi nyumbani na mpango. Watoto ni watoto. Wa darasa la kwanza wanalingana, wa darasa la saba wanalingana. Naweza kuvitengeneza upya vipimo vyote kwa akili. Majina siyajui, nitaweka namba. Nimeanza.

Jumatatu, 9 Machi

Majora yamefika asubuhi, kumi na manne, yameegemezwa ukutani hadi mlango haufunguki vizuri. Kazini nimesema naumwa tumbo, na kufikia wakati ule haukuwa uongo. Nikamkabidhi Shangazi karatasi tisa zilizochapwa safi. Nikasema, nimeviokoa.

Akavaa miwani. Alisoma muda mfupi tu. Akauliza huyu namba kumi na moja wa darasa la kwanza, kifua inchi ishirini na mkono inchi ishirini na nane, ni mtoto au ni ngazi. Nikasema watoto wa siku hizi wanakua. Akageuza ukurasa. Akasema darasa la nne lote lina kiuno kimoja. Akasema yeye aliwashika watoto wale kwa mikono yake, mmoja ana bega limeshuka upande wa kushoto, mmoja alimpima amevaa sweta kwa sababu alikuwa na homa. Akauliza wako wapi.

Ndipo nikamwambia. Yote, hadi sababu ya ngao nyekundu.

Alikaa juu ya jora. Hakupiga kelele. Akasema, nilikuuliza una hakika. Ungesema hujui tungemsubiri mwenzio, si alikuwa anarudi kesho tu. Ningeshukuru kama angenitukana.

Jumanne, 10 Machi

Shemeji karudi. Nilijiandaa kwa kicheko chake, hakucheka. Alikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, akiwa bado na vumbi la safari kwenye viatu. Kalipata faili la zamani lenye watoto kumi na wawili, alilotumia kujaribia amri zake. Hao wengine hawapo. Akafuta miwani. Akaniambia pole. Yeye ndiye aliyeniambia mimi pole.

Mchana Shangazi alikwenda kwa mwalimu mkuu kueleza. Nikamfuata, nikasimama nje ya dirisha. Nilimsikia akisema vipimo vimepotea, atapima upya. Hakusema vimepotezwa na nani. Mwalimu mkuu akasema anasikitika, lakini sare zinatakiwa kabla ya kufunga shule na fundi mmoja hatawahi tena. Wasichana wote kawahamishia kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Wasichana 97. Wamebaki wavulana 89. Habari za kila mwaka hazikutajwa.

Jioni yakaja kuchukuliwa majora saba. Niliyabeba mimi hadi kwenye mkokoteni. Shangazi alishika mlango ili usinigonge.

Alhamisi, 12 Machi

Siku ya pili ya kupima. Nimeomba ruhusa kazini, safari hii bila tumbo. Kazi yangu ni kuandika anachotamka.

Sikuwahi kumwona akipima. Anapiga magoti juu ya mto mdogo ili awe sawa na mtoto. Kifua, bega, mkono, urefu. Kila kipimo anaongeza vidole viwili, na nilipouliza akasema hivyo ni vya mwaka ujao, mzazi asinunue tena. Wanaocheka kwa kutekenywa anawasubiri wamalize. Kumbe kwenye karatasi zangu tisa sikuwa na vidole viwili vya mtu yeyote.

Kila mtoto akiisha, anashika bega langu ili ainuke. Walipofika arobaini hakuinuka tena, akawa anasogea na mto wake kuwafuata kwenye mstari. Magoti yake yamevimba. Alikwisha kuifanya kazi hii. Aliimaliza. Anairudia kwa sababu mimi nilitaka mwanamke mwenye gauni la mkono mmoja aniheshimu. Najuta sana.

Nimejiapiza. Kuanzia leo nisichokijua nitasema sikijui. Nimefanya mazoezi njiani kurudi nyumbani. Mtu akaniuliza saa, nikamjibu sijui, ingawa nilikuwa nimevaa saa. Nilijisikia mwepesi.

Ijumaa, 13 Machi

Tumemaliza saa saba mchana. Mtoto wa themanini na tisa alikuwa na kwikwi, tukampima mara mbili. Shangazi kalitazama daftari langu la vipimo, akasema mwandiko wangu unasomeka. Ni neno la kwanza zuri tangu Jumatatu. Nilitaka kumwomba radhi palepale, rasmi, maneno nilikuwa nayo tayari.

Akaingia mwalimu mkuu. Akaangalia mistari yangu iliyonyooka, akauliza huyu ni nani. Shangazi akasema mtoto wa kaka yangu, karani. Mwalimu mkuu akasema afadhali kapata mtu wa kalamu, kwa sababu kompyuta ya ofisi yake, yenye alama za mitihani za madarasa yote saba, tangu jana inatoa maneno mekundu ya virusi, na ripoti za wazazi hazijachapwa. Akauliza kama nina ujuzi wowote wa mambo hayo.

Shangazi alikuwa ameuma futi ya kupimia kwa meno huku mikono inafunga kilemba, hakuweza kusema. Alinitazama. Akatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia. Nilimwona vizuri kabisa.

Neno lenyewe ni fupi, na jana tu nililifanyia mazoezi. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ananingojea, mikono nyuma, kama mtu anayengoja daktari afungue mlango. Na walimu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake.

Nikamwambia kafika kwa mwenyewe. Nikamwambia tatizo lake nalijua hata kabla ya kuliona, ngao moja haitamtosha, Jumatatu saa mbili nitakuwa ofisini kwake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nilipogeuka Shangazi alikuwa ameshachukua daftari na mto wake, anakwenda zake nyumbani, mkono ukutani. Nitamwomba radhi Jumatatu, nikishatoka kwa mwalimu mkuu.