Viti Juu ya Theluji

Jumatatu, 12 Januari

Theluji. Theluji toka asubuhi, tena ile nene isiyo na haraka, inayoshuka kama inachagua mahali pa kukaa. Nimeitazama dirishani mpaka kahawa ikapoa. Meya mwingine angesoma makaratasi. Mimi Eino Rautio huitazama theluji. Niliisukuma kwa greda miaka yote kabla watu wa Port Hollis hawajanichagua, na ninaijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Aune bado hunishangaza. Theluji, hata!

Ninaandika kwa sababu siku moja watanijengea sanamu, na watu watataka kujua nilikuwa nawaza nini. Kuandika kunachosha kuliko koleo. Lakini sanamu ni sanamu.

Habari mbaya. Wale watu wa uhamiaji wa serikali kuu, waliojazana kwenye jengo la zamani la forodha na magari yao meusi, jana walimchukua Evaristo Quiroga. Evaristo! Yule anayemwagia maji uwanja wa barafu ili watoto wapate kuteleza. Mkewe Nereida, kinyozi wangu, alikuja ofisini mkasi ukiwa bado mfukoni. Hakulia. Afadhali angelia. Akaniuliza, mzee, si wewe uliyepanda juu ya meza kwenye maandamano ukasema hakuna mtu atakayetolewa mji huu bila kupita juu ya tumbo lako? Nikasema ndiye mimi. Akaniuliza, sasa hilo tumbo jana lilikuwa wapi?

Lilikuwa mezani, linakula. Sikumwambia.

Nikamwahidi: Jumamosi, sikukuu ya taa, Evaristo atakuwa uwanjani pake. Akasema watampakia kwenye ndege kumpeleka kusini mara tu theluji ikikatika na uwanja wa ndege ukifunguliwa. Nikacheka. Nikamwambia theluji ni mfanyakazi wangu. Akanitazama kama anavyotazama nywele zilizokatwa upande.

Diwani Philippa Drozd naye kasikia. Mwanasheria, adui yangu, mtu wa kusahihisha watu wakizungumza. Eti anaenda kutafuta jaji. Jaji! Lini karatasi imewahi kusimamisha gari?

Jumanne, 13 Januari

Mbinu ya leo: mkate.

Aune alioka ule mkate wake mtamu wa iliki kwa ajili ya kanisa. Nikauchukua ukiwa bado moto. Hakuna mwanadamu anayeweza kula mkate ule akabaki na roho mbaya. Nikatembea hadi forodhani nimeukumbatia kama mtoto, mvuke unanipanda kidevuni. Njia nzima viti. Mji wetu ndivyo ulivyo: ukishafukua nafasi ya gari lako mbele ya nyumba, unaweka kiti pale, na nafasi ni yako mpaka barafu iyeyuke. Kiti chochote, hata kibovu. Mtu anaweza kukutukania mama, lakini kiti chako atakizunguka. Vilikuwa vimevaa theluji, vimekaa kimya kando ya barabara, kama wazee wanaosubiri misa ianze.

Mlangoni waandamanaji walinipisha. Wakapiga makofi! Nikawapungia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkate.

Kamanda wao anaitwa Renfro. Kijana, mstaarabu, meno mengi. Akanikaribisha kwenye kiti cha ngozi kando ya hita na kuanza kunisomea sheria. Nikaitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi. Sheria ikisomwa taratibu ni tamu sana. Joto likanipanda miguuni. Nikaiona sanamu yangu, ya shaba, imepanda greda, theluji imeikaa kichwani kama taji, na watu wameketi pande zote wananitazama kwa upendo.

Nilipoamka Renfro hayupo. Mkate haupo. Evaristo yupo, lakini chini, nyuma ya mlango wa chuma.

Na pazia lilikuwa wazi. Waandamanaji wote wameniona nakoroma nyumbani kwa adui! Nilipotoka hapakuwa na makofi. Mmoja akauliza, babu, wamekufunika blanketi au umelala hivyohivyo? Mwingine akasema mwacheni, meya anafanya mgomo wa kulala. Nikawaambia ile ilikuwa mbinu. Nereida alikuwa miongoni mwao.

Aune ameuliza mkate uko wapi.

Jumatano, 14 Januari

Theluji bado inashuka. Mfanyakazi mwaminifu.

Mbinu mpya, na ya akili kuliko ile. Njia ya kwenda uwanja wa ndege ni moja, Barabara ya Ziwani, hii hii inayopita mbele ya nyumba yangu. Nikawaamuru madereva wa magreda wasiiguse. Basi! Iache ijae. Ndege ipo, barabara haipo, wataruka na nani?

Kabla ya saa sita simu ikalia kutoka Washington. Sauti laini kama siagi. Ikasema naingilia kazi ya serikali kuu, na ikibidi watanifikisha mbele ya sheria na askari wataletwa mjini. Nikamwambia waje, ila kila mmoja aje na koleo lake. Nikakata simu. Nilikuwa mkubwa sana dakika ile. Nilitazama dirishani, mji mzima mweupe, hauna sauti, na nikaona kama vile wote ni mimi niliyewalaza.

Kisha nikasikia muungurumo. Greda la kijeshi! Renfro kaliagiza kambini. Likafungua Barabara ya Ziwani kabla sijamaliza kufunga kamba za buti. Nimetoka kuikagua kazi yao. Kona zimewashinda. Mtu asiyejua kona hajui theluji.

Drozd kapita akanikuta nimeinama nazitazama zile kona. Akaniambia jaji amekubali kumsikiliza Ijumaa. Akaniomba jambo moja tu, kwa hisani yangu, mpaka Ijumaa nisifanye kitu. Kitu chochote kabisa. Ona wivu huo!

Alhamisi, 15 Januari

Leo nimefanya kitu.

Niliamua kuwazibia lango. Ukuta wa theluji mbele ya jengo la forodha, mrefu kuliko mtu, magari meusi yabaki ndani kama samaki chini ya barafu. Kazi hiyo haiwezi kupewa dereva yeyote. Nikaenda karakana, nikampanda mwenyewe Bibi Harusi. Ndilo greda langu la zamani. Watoto wa shule ndio waliolipigia kura jina hilo, kwa sababu likienda theluji huruka nyuma yake kama shela. Fundi akasema Mheshimiwa, macho yako, hata miwani hujavaa. Nikamwambia macho ya nini, mimi huendesha kwa matako.

Sijui niseme vipi ilivyokuwa. Nyeupe juu, nyeupe chini. Injini inaimba wimbo ule ule mmoja. Ukikaa vile muda mrefu hujui tena kama wewe ndiye unayekwenda au ni mji unaokupitia. Nilikuwa kijana. Aune alikuwa dirishani na kitambaa chekundu. Nikakata kushoto, nikateremsha jembe la greda, na mbele yangu, ndani ya ule ukungu, nikawaona: watu! Mstari mzima wa watu wameketi kando ya barabara, weupe, watulivu, wamekuja kunishangilia. Nikapiga honi. Nikapunga mkono. Nikasukuma.

Hawakuwa watu. Vilikuwa viti.

Na haikuwa forodhani. Ulikuwa Mtaa wa Tano. Nimevizoa vyote, nikavitia kwenye ukuta mzuri sana, imara, kona safi. Nafasi walizozifukua wiki nzima zote zimefukiwa. Kiti cha Mama Sather kimevunjika miguu miwili. Kilikuwa cha jikoni, alichokuwa akikalia marehemu mumewe kunywa kahawa. Mama Sather, kikongwe mpole, mtu wa kwaya, aliniita jina ambalo sikujua kwamba kwaya wanalifahamu.

Yamefuata mambo ya ajabu. Mji huu umegawanyika tangu watu wa serikali kuu waingie. Nusu wanasema waondoke, nusu wanasema wabaki, ndugu hawapeani chumvi mezani. Leo wamepatana! Wamesimama bega kwa bega wakinitukana mimi. Jirani yangu Lyle, mwenye bendera ya kuwaunga mkono akina Renfro, alikuwa amemshikia Nereida kipaza sauti. Wote wameacha kuandamana forodhani. Wanasema kesho watakuja kwangu.

Nereida ndiye aliyeniumiza. Akasema, mzee, sasa pale forodhani hapana hata mtu mmoja. Theluji ikikatika, nani atawaona wakimtoa?

Nimekula chakula cha jioni peke yangu. Aune anakula sebuleni.

Ijumaa, 16 Januari

Theluji imekatika. Jua. Kila kitu kinang'aa mpaka unaona aibu.

Nilipowasikia wanakuja nikaenda sauna, nyuma ya nyumba. Sikujificha. Meya ana haki ya kujisafisha. Nikamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, nikalala kwenye benchi. Mle ndani hakuna Washington. Hakuna Drozd. Nikaiona tena sanamu yangu, safari hii imevaa taulo.

Haya yanayofuata nimeambiwa na Aune, na alikuwa anacheka, kwa hiyo baadhi hayaaminiki.

Watu walikuja na viti. Vizima, vibovu, vya bustani, vya jikoni. Wakasema Rautio katunyang'anya nafasi zetu, basi tunachukua zake. Wakavipanga mbele ya nyumba yangu, na mbele ya nyumba yangu ni Barabara ya Ziwani. Vikaijaza ukingo hadi ukingo.

Ndipo ukaja msafara wa magari meusi, unaelekea uwanja wa ndege. Evaristo yuko ndani ya la kati. Nereida alimtambua kwa kofia aliyomfumia mwenyewe. Akapiga ukelele mmoja tu, kisha akaenda kusimama katikati ya viti.

Msafara ukasimama. Renfro akawaamuru vijana wake waondoe viti. Mmoja wao, mzaliwa wa mji jirani, akashuka, akakitazama kiti cha kwanza, akarudi garini. Akasema afande, hivi ni viti. Renfro akasema anaona kwamba ni viti. Yule kijana akasema hapana afande, samahani, huoni. Mama yangu akisikia nimevigusa sitaingia tena nyumbani.

Renfro akashuka mwenyewe. Akashika kile cha Mama Sather, kilichofungwa miguu kwa kamba, akakiinua. Lyle, yule wa bendera, ndiye aliyesema kwanza. Akamwambia, kijana, nimekutetea toka siku ya kwanza. Kirudishe. Kisha akavuta kiti kingine akakikalia. Na wengine wakakaa. Wote. Mji mzima umeketi barabarani juani, umevaa makoti, unamtazama Renfro kwa adabu kama wageni wanaosubiri chai. Aune akawapelekea chai. Wamekaa vile mpaka jua likashuka.

Ndipo akatokea Drozd anatembea kwa miguu, nywele zimesimama, na ile karatasi yake. Jaji kaamuru Evaristo asisafirishwe popote, arudi kwake mpaka kesi yake isikilizwe. Renfro aliisoma mara tatu. Kisha akafungua mlango wa gari la kati.

Mimi sikujua lolote. Nilisikia vifijo, nikatoka sauna na taulo langu, mvuke unaniruka mabegani, na nikawaona: watu! Wameketi mstari kwa mstari mbele ya nyumba yangu, safari hii ni watu kweli. Nikapanda ngazi ya mlangoni nikatoa hotuba. Nilisema Port Hollis haitishwi na mtu. Walicheka mpaka machozi. Furaha hiyo.

Jumamosi, 17 Januari

Sikukuu ya taa. Ahadi nimeitimiza.

Evaristo aliamka mapema akamwagia uwanja maji, na jioni barafu ilikuwa nyeusi laini kama kioo, kila taa iko mara mbili, juu na chini. Watoto walikuwa wakipita bila sauti. Nilikaa kando nikahisi kama natazama samaki wa dhahabu. Evaristo akaja akanishika mkono, akaushikilia.

Nereida amenikata nywele hapo hapo, mimi nimekaa juu ya ndoo. Akaniambia, mzee, tumbo lako halikufika. Ila nyumba yako ilikaa mahali pazuri. Nikamwambia mahali pale nilipachagua mwenyewe.

Drozd anasifiwa kila kona. Karatasi nayo ilisaidia kidogo.

Jumapili, 18 Januari

Theluji tena! Imerudi kazini bila kuitwa.

Nimechelewa kanisani. Mtaa wa Tano hapakuwa na pa kuegesha, wote wameshafukua upya, viti kila mahali. Isipokuwa palikuwa na nafasi moja pana, safi, imefukuliwa vizuri ajabu. Kiti cha Mama Sather ndicho kilichokuwa pale. Evaristo kakitia miguu mipya na kukipaka rangi ya buluu. Kimependeza. Nimekisogeza kidogo tu, juu ya rundo la theluji, nikaingiza gari. Kwa mtu aliyeuokoa mji, Mama Sather asingetaka nizunguke.

Ninaandika ndani ya gari, hita inapuliza, misa imeshanipita. Vioo vimeanza kuwa vyeupe. Kwaya imenyamaza, nadhani wanatoka. Ndiyo, nawaona, wanakuja huku kundi zima, polepole ndani ya theluji, Mama Sather mbele, Nereida, Lyle, hata Drozd. Wameshika makoleo.

Wanakuja kunifukulia njia. Niweke kalamu, nishuke niwapungie.