Uzinduzi wa Kituo cha Mabinti Mbele ya Mlango wa Bluu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa makamu wake ambaye ametuma udhuru, mheshimiwa aliyetumwa kuuleta huo udhuru, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, wadau wa ngazi zote, wazazi, walezi, wanafunzi, fundi wa vipaza sauti, na kwa namna ya pekee kabisa mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Ustawi wa Mtoto wa Kike, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mkuu wa shule anawakazia macho wasiopiga.)

Nimesimama hapa leo, na kusimama kwenyewe si jambo dogo kwa mtu mwenye ratiba kama yangu, ili kuzindua rasmi Kituo cha Mentashipu, Ushauri na Uwezeshaji wa Binti, kituo cha kisasa chenye ukumbi, maktaba, chumba cha ushauri na chumba cha kunyonyeshea kwa mabinti waliojifungua wakarudi darasani, vyote hivyo vikiwa nyuma ya mlango huu wa bluu ambao, naomba msiuegemee, rangi yake haijakauka. (Mzazi mmoja anageuka kuangalia mgongo wa gauni lake.)

Najua yapo maneno. Wapo wanaosema huu ni mlango ule ule wa stoo ya mipira. (Wanafunzi: "Ndio wenyewe!") Nawauliza, stoo ya mipira imewahi kuwa na kibao cha shaba chenye jina langu? Sasa je! Mtu aliyesoma haangalii mlango, anaangalia kibao.

Tuje kwenye takwimu. Kabla sijaingia ofisini, asilimia ya mabinti wanaopata ushauri ilikuwa haijulikani, na leo, baada ya miaka mitatu ya fremuweki, rodimapu na semina sita za kujenga uwezo, tatu nikiwa mgeni rasmi na tatu nikiwa mada yenyewe, asilimia hiyo bado haijulikani, ila sasa haijulikani kitaalamu. (Kicheko. Mheshimiwa anadhani ni shangwe, anapunga mkono.)

Nimtambue pia mwalimu wa hesabu, yule aliyesimama juani, ambaye watoto wanamwita Mama Stoo. (Shangwe ndefu. Wasichana wote wanasimama.) Inatosha. Nasema inatosha, kaeni! Mwalimu huyu kwa miaka tisa amekuwa akikaa na mabinti humo ndani, juu ya mifuko ya mipira, kila siku baada ya kipindi cha mwisho, akiwasikiliza, akiwapigisha hesabu, kisha anakwenda majumbani kubishana na akina baba, na yote hayo bila fremuweki hata moja, jambo ambalo ni la hatari sana. Ndiyo maana wiki tatu zilizopita niliuchukua ufunguo, na tangu hapo mikutano yao inafanyikia kando ya matangi ya maji, kwenye hewa safi. (Bibi mmoja wa mstari wa mbele, amepakata mtoto mchanga: "Na mvua je, mwanangu?") Mvua, bibi, haiko kwenye majukumu yangu.

Niendelee na ukurasa wa pili. Ofisini kwetu tunajali mazingira, kwa hiyo katibu muhtasi huchapa hotuba zangu nyuma ya barua zinazoletwa, maana karatasi ni chache na barua ni nyingi na hazina kazi. (Badala ya kuchukua karatasi ya pili, anaigeuza ya kwanza, anasoma kwa mbwembwe zile zile.) "Mheshimiwa Mratibu, hii ni barua yangu ya saba." Saba, ndugu zangu, huo ndio mwendelezo! "Binti wa kidato cha mwisho aliyejifungua anataka kurudi darasani. Anaongoza kwa hesabu. Mtoto atalelewa na bibi yake. Sheria inamruhusu, imebaki sahihi yako tu hapo chini. Orodha ya mtihani inafungwa Ijumaa saa kumi kamili. Likikosekana jina lake, baba yake ameapa kumwoza." (Anaigeuza karatasi, anairudisha ilivyokuwa.) Aya hii ameandika nani?

(Mama Stoo: "Mimi, Mheshimiwa. Malizia, umebakiza mstari mmoja.") "Kituo hatukukiomba. Tulikuwa na stoo, na ufunguo unao wewe." (Uwanja mzima unalipuka.)

Utulivu! Suala hili lina mchakato, litaundiwa kamati ndogo, na kamati ndogo itaketi... (Bibi: "Itaketi lini? Leo ndiyo Ijumaa, na saa tisa na nusu imeshapita. Hebu nishikie huyu.") Bibi, mimi ni mgeni rasmi! Bibi! (Anashikishwa mtoto. Binti mwenyewe, mama wa mtoto, anapanda jukwaani na kalamu: "Inaandika, Mheshimiwa. Nimeshaijaribu.") Sina pa kuandikia. Haya, lete hapa mlangoni. Iandikwe kwamba nilikuwa na nia hii tangu barua ya kwanza. (Anatia sahihi. Mkono wa koti unageuka bluu. Binti na Mama Stoo wanatimua mbio kuelekea ofisi ya mitihani, mwalimu viatu mkononi.)

Jamani, wamekimbia na hotuba yangu! Na ukurasa wa pili... mtoto ameshaulowesha. Basi namalizia kwa kichwa. Nawashukuru mafundi kwa kupaka mlango upande wa nje, kwa sababu ndio unaotokea kwenye picha. Nawashukuru wafadhili, ambao wakishaiona picha watafikiria kama waanze. Utepe nitaukata, ila mlango usifunguliwe, humo ndani kuna mipira tu. Sasa wote kwa pamoja, nikisema "Binti", semeni "Juu". Binti! (Umati: "Ufunguo!") Binti! (Umati: "Ufunguo!")

Haya, bibi, pokea ufunguo, na mjukuu wako umpokee. (Simu ya mkuu wa shule inalia. Anasikiliza, anainua kidole gumba: jina limeingia, dakika nne kabla ya saa kumi. Vigelegele.) Mmesikia! Andikeni hilo, hayo ni mafanikio ya kwanza ya kituo chetu.

(Bibi, akifungua mlango: "Kituo gani, mwanangu?")

Asanteni sana kwa kunisikiliza.