Ombi la Kuwabebesha Wembamba Mpunga Wakati wa Yoga

Kalisti Heri,
Kakese, Mpanda.
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Kwa Mwalimu wa Yoga,
Godauni la Mpunga, Ilembo.

Ndugu Mwalimu Angela,

YAH: KUPUNGUZIWA YOGA KWA SABABU YA UNENE

Nakuandikia kama mwanafunzi wako, siyo kama mjomba wako. Kwa hiyo usimwonyeshe mama yako barua hii, maana yeye ni dada yangu na atacheka kabla hajafika katikati. Mimi shule niliishia darasa la sita, la saba dawati lilinikataa, lakini barua naziweza. Huku Kakese mtu akitaka kushtaki anakuja kwanza kwangu nimwandikie, na wengi wameshinda kabla kesi haijasomwa.

Kilichonileta kwenye yoga unakijua. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao mimi na mke wangu Josefina tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Tutapiga magoti mbele ya altare, padre atubariki, halafu tuinuke. Kupiga magoti sina shida. Shida ni hiyo halafu. Pasaka nilipiga magoti vizuri sana, watu wakaona, padre akamaliza, mimi nikabaki. Kwaya iliimba wimbo wa kutokea mara tatu ikinisubiri. Wapo wanaosema niliinuliwa na wanaume wanne. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado nasali, na walinikatiza. Tulipofika nyumbani Josefina akasema siku ya jubilei basi tubarikiwe tumesimama, kama watu wanaongoja basi la Tabora.

Hilo neno halijanitoka mpaka leo. Ndiyo nikaja kwako. Lakini ulivyonipokea, mwalimu, hapana. Malalamiko ni haya:

1. Kiti. Siku ya kwanza watu wote mlitandika mikeka, mimi nikaletewa kiti. Kwetu kiti anapewa mgeni au mgonjwa, na mimi si mgeni wala siumwi. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kikapasuka, na naomba iandikwe mahali kwamba kilipasuka kwa ubovu wake. Ukaniletea benchi la wapakiaji. Watu sita hulikalia hilo, nikalikalia peke yangu, na hakuna aliyenipongeza.

2. Khanga. Mlipoambiwa mshike vidole vya miguu, mimi ulinipa khanga niizungushe kwenye unyayo nijivute nayo. Vidole vile ni vyangu tangu kuzaliwa. Sioni sababu ya kuvifuata kwa kamba kama ndama aliyetoroka.

3. Tumbo. Ulisema mbele ya darasa zima, "Mjomba, tanua miguu, tumbo lipate pa kupita." Mwalimu, tumbo hili si mzigo unaotafuta njia. Ni mchele wa Kakese wa miaka kumi na nane, na lina heshima zake. Mwaka ule wa kiangazi kikali nilishuka kuoga Mto Katuma, viboko wamebanana kwenye dimbwi moja kama madumu. Waliponiona walisogea, wakanipa nafasi ya katikati, na yule mkubwa wao akainamisha kichwa. Viboko hawakuniambia nitanue miguu.

4. Damiano. Hapa ndipo penye kiini. Kwenye ule mkao wa mti, Damiano fundi baiskeli anasimama katikati ya godauni kwa mguu mmoja, anapigiwa makofi. Mimi unanipeleka ukutani niushike ukuta. Sasa tupige hesabu. Damiano ana kilo hamsini na mbili. Mimi nilipimwa hapo hapo kwenye mizani ya mpunga, ikasoma mia moja thelathini na moja. Maiko wa mizani akaandika mia moja thelathini, kwa sababu kwa mazoea yake alitoa kilo moja ya gunia. Nilimweleza kwamba sikuwa ndani ya gunia. Akasema utaratibu ni utaratibu.

Sasa nani anafanya yoga kamili? Nikiinua mguu mmoja, ule uliobaki unabeba akina Damiano wawili na nusu. Yeye wa kwake unabeba nini? Hamsini na mbili, na humo kuna viatu. Kwa hiyo aliyepunguziwa yoga ni yeye, na makofi anapewa yeye.

5. Picha. Ukutani umebandika bwana mmoja mwembamba, hana shati, amejikunja kama kitambaa cha kufungia maandazi. Ndiye kipimo chetu. Mtu huyo hajawahi kutoa pawatila ya kulimia kwenye tope. Mimi niliitoa kwa mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa umeshika chai, na chai haikumwagika.

6. Magoti. Hili ndilo kubwa. Kwenye kupiga magoti ulinipa blanketi la kukunja chini ya goti, ukaniambia nishike benchi, nitangulize mguu mmoja, nivute pumzi, ndipo niinuke. Hayo ni magoti ya kusaidiwa. Altareni hakuna benchi la wapakiaji. Mimi nataka magoti mazima, yale unayowapa wengine.

Kutokana na hayo naomba:

(a) Kiti, khanga, ukuta na blanketi viondolewe kwangu, nipewe yoga yote bila kukatwa.

(b) Kila mwembamba afungwe mpunga mgongoni mpaka afikie kilo zangu. Damiano anahitaji gunia la kilo sabini na tisa. Mpunga upo godauni, na kamba nitaleta mimi.

(c) Asiyeliweza gunia lake, yeye ndiye apewe kiti.

(d) Picha ya ukutani ibandikwe yangu. Ninayo ya kipaimara cha mtoto wa pili, nimesimama pembeni ya ng'ombe, na ukiangalia haraka unaniona mimi kwanza.

Yasipotekelezwa kufikia Jumanne, nitafungua yoga yangu huko Litapunga, kuanzia kilo mia kwenda juu. Watu watatu wameshajiandikisha, na mmoja wao ni mke wa Damiano.

Msalimie mama yako bila kumwambia sababu. Wasalimie wote wa darasani, na Maiko umkumbushe kilo yangu moja. Damiano naye msalimie, sina ugomvi na mtu wa uzito ule.

Ni mimi mwanafunzi wako niliyepunguziwa,

Kalisti Heri

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika, bahasha iliniponyoka ikaingia chini ya kitanda. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwita. Nikakunja blanketi, nikashika kitanda, nikashuka, nikaichukua. Nikatanguliza mguu mmoja, nikavuta pumzi, nikainuka. Kugeuka, Josefina yuko mlangoni na ndoo ya maji kichwani, hata hajaitua. Akasema, "Kalisti, umeinuka."

Nikaiangusha bahasha tena na tena makusudi, aone vizuri. Mara ya nne aliitua ndoo, akapiga magoti pembeni yangu, akanipa bega nishike badala ya kitanda. Tukainuka pamoja. Bega linatosha, mwalimu, nimelipima.

Barua nimeshaiandika kwa kalamu ya wino na haifutiki, kwa hiyo naituma hivyo hivyo, ila usifuate lolote lililomo. Jumanne niwekee benchi langu na blanketi, na mtu mwingine asivikalie. Josefina naye anakuja, umtandikie karibu. Vumbi la kwenye bahasha utusamehe.