Matope Yanayonifukuzia Wateja

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Maziwa ya Kale.

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, mimi ni muuza miche ya miti hapa chini ya mlima, na kwa bahati mbaya ni mama mkwe wa mtaalamu wako, yule mrefu anayechimba matope ziwani. Nimevumilia vya kutosha.

1. Friza yangu imejaa mabomba ya matope. Nikitafuta nyama, natoa bomba la ukame wa kale. Mkwe wangu anasema chavua iliyomo, yaani ungaunga wa maua, ndiyo inayoeleza habari za misitu ya maelfu ya miaka iliyopita. Sawa, basi ieleze ikiwa ofisini kwako.

2. Anawaambia wateja wangu, tena langoni kwangu, kwamba joto lilipopanda enzi hizo, miti mikubwa ilikufa huku chini ikasalia mlimani tu, na mvua ziliporudi, msitu ulioota haukuwa ule wa zamani. Tangu hapo watu wananiulizia miche ya miti ya miiba, ile ya nchi kavu, ambayo mimi siuzi.

3. Shahidi wake ni nani? Matope. Hayajaapa popote, na muda wote huo yalikuwa chini ya maji, yameona nini?

4. Jumapili, mbele ya wajukuu, aliutazama mti mama ulio langoni, alioupanda marehemu mume wangu na ambako ndiko ninakochukua mbegu, akasema hautapata warithi hapa. Eti safari hii joto lina haraka, na miti haina miguu. Niliondoka mezani. Iliniuma sana.

Kwa hiyo naomba mchimbe ziwa lingine, lenye historia ya upole. Likikosekana, agiza matope haya yakorogwe vizuri, mabaya na mazuri yachanganyike, tupate wastani. Mkwe wangu naye ahamishiwe idara ya mawe. Nasikia mawe hayana maneno mengi.

Nisalimie wote hapo kituoni, hata dereva anayeniletea hayo mabomba.

Wako niliyechoka,
Mama Miche

Nyongeza: Tafadhali barua hii isimcheleweshe mkwe wangu kurudi nyumbani kabla ya mvua. Mti wa marehemu haujachanua tangu mwaka juzi, na miche niliyootesha kwa mbegu zake za mwisho ni michache. Mashimo nimeshachimba kule juu mlimani. Yeye atabeba maji. Miche nitabeba mwenyewe, miguu ninayo.