Pete ya Kidole cha Mguu

Jumatatu, 5 Agosti

Kikundi chetu kinaenda tamasha Kisumu Ijumaa, kwa gari moshi. Nafasi ya mpiga nyuzi ni moja. Moja tu! Tunaoitaka ni wawili: mimi Khamala, fundi wa viatu wa Kawangware 46, na litungu langu la Kibukusu, na Okoth wa Kibera, na nyatiti yake ya Kijaluo. Litungu nyuzi saba, nyatiti nane. Vile anaringa na huo uzi mmoja, utadhani amenunua shamba.

Tangu nizaliwe sijapanda gari moshi. Ziwa pia sijaliona. Lakini ploti yote inajua naenda, nilishawaambia. Nikibaki, itabidi nihame.

Ajabu ya nyatiti: hupigwa na mguu pia. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, anagonga nayo mbao ya nyatiti. Ko, ko, ko. Bila pete wimbo unalegea kabisa. Nimewaza hilo jambo mchana kutwa. Kiatu cha mteja nimekishona vibaya.

Jumanne, 6 Agosti

Imeweza! Mazoezi yalikuwa kwa kiongozi wetu, Mama Billy, kwa zile flati za Soweto East, Kibera. Nilimwamkia "Oyawore" aone najua Kijaluo. Akasema hiyo ni ya asubuhi, na sasa ni jioni. Nikamwambia mimi sibagui.

Wakati wa chai Okoth alivua pete akaiacha kwenye kigoda. Nikaikamata! Lakini mfukoni wangenipekua. Nikaingia choo, nikaivaa kidoleni, soksi juu yake. Kwa Mama Billy viatu huachwa mlangoni, kapeti isichafuke, kwa hivyo aibu yangu ilifichwa na soksi tu. Okoth alitafuta mpaka chini ya jiko. Nilimsaidia kutafuta.

Jumatano, 7 Agosti

Pete haitoki! Sabuni, wapi. Mafuta ya kupikia, wapi. Kidole kimefura. Fundi wa viatu mzima nashindwa na mguu wangu mwenyewe! Jirani yangu Lusweti, fundi wa welding, amesema ataikata na grinda. Nikamuuliza atakata pete ama kidole. Akasema itategemea stima. Nimemwambia asante, niko sawa.

Kesho Mama Billy anachagua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilivaa soksi mbili. Nikachechemea mpaka Kibera nikisingizia msumari.

Nilianza mimi. Nikapiga vizuri, Mungu ni shahidi. Mama Billy alifunga macho. Kisha Okoth, bila pete. Ugali bila mboga! Nikaona Kisumu hii hapa.

Halafu huyo jamaa akaanza kumwimbia nyanya yake marehemu. Wacha! Wimbo ukaniingia mwilini. Mimi ni mwanamuziki, nitafanyaje? Mguu ukaanza kugonga wenyewe, kwa mguu wa meza. Ko. Ko. Ko. Pale pale palipokuwa pamepungua.

Okoth akaacha kupiga. Mama Billy akauliza ni nani huyo ana chuma. Mguu wangu, mjinga huyo, ukagonga tena.

Soksi zikavuliwa. Okoth aliniangalia tu. Heri angenitukana. Wakavuta pete, nikapiga nduru, haikutoka. Mama Billy akakata kesi: nafasi ni ya Okoth, lakini pete yake haiwezi kubaki Nairobi, kwa hivyo na mimi nitaenda. Nitakaa sakafuni kando ya kigoda, Okoth apige nyuzi, mimi nigonge. Na mizigo yote ya kikundi nibebe mimi.

Mimi, mguu wa Okoth! Nimekubali haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Jumamosi, 10 Agosti, Kisumu

Nimepanda gari moshi! Sikulala, nilikuwa nachungulia giza. Leo tumepiga na watu wakasimama kucheza. Okoth amenishika bega akasema nikigonga wimbo unakaa imara. Nilitaka kulia. Mgongo pia unauma, hiyo mizigo si mchezo.

Jumapili, 11 Agosti

Tumeenda kuona ziwa kabla ya kurudi. Kubwa, jamani! Nikaingiza miguu. Maji baridi. Pete ikateleza yenyewe, ikatoka. Hivyo tu!

Nikaishika mkononi. Okoth alikuwa hapo kando anaosha uso. Ningemwita tu. Nilikuwa nimefungua mdomo, kweli kabisa. Hapo nikamsikia Mama Billy kwa simu akikubali mwaliko wa Desemba. Mombasa!

Nimeirudisha kidoleni. Nimekunja kipande cha soksi ndani isicheze. Okoth akaja akaniuliza kidole kinaendeleaje. Nikamwambia kimezidi, hata kukanyaga ni shida. Akanihurumia, akabeba mizigo yote yeye, hadi stesheni, na litungu langu juu.

Nasikia Mombasa kuna joto sana. Huko lazima kidole kifure.