Hedifoni za Dani

Alhamisi, 1 Agosti 1968

Likizo. Mwalimu Mokeira ametuagiza tuandike kila siku kwa Kiswahili, tusije tukarudi shuleni tumekisahau. Amesema hatasoma tulichoandika. Vizuri. Basi naweza kuandika ukweli.

Ukweli wa leo: Dani hakuja tena kusikiliza redio. Dani ni nyanya yangu, mama yake Baba. Kila jioni watu wa boma na majirani hukaa uani kwetu kusikiliza redio ya Baba. Habari, salamu, matangazo ya vifo. Baba yuko kazini Kisumu, na redio amemwachia Nicanor, mtoto wa baba mkubwa, kwa sababu amenizidi umri na ana sauti. Mwingine yeyote haruhusiwi kugusa kitufe.

Wiki iliyopita Dani alicheka katikati ya matangazo ya vifo. Masikio yake yamechoka. Alidhani ni kipindi cha vichekesho. Nicanor akasema mbele ya watu kwamba Dani anawacheka marehemu kwa kuwa amewashinda mbio. Watu wakacheka. Dani naye akacheka, maana aliona wenzake wanacheka. Nadhani baadaye mtu alimweleza. Tangu hapo jioni hukaa peke yake nyumbani kwake, mlango ameurudisha.

Ningemjibu Nicanor. Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia asubuhi iliyofuata.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefanya uchunguzi. Nikisema karibu na sikio la Dani, anasikia kila neno. Kwa hiyo kosa si la Dani. Kosa ni la umbali. Redio inapaswa kumfuata sikioni.

Shuleni niliona picha ya mtangazaji katika gazeti. Kichwani alivaa hedifoni: vikombe viwili vinavyofunika masikio yote mawili, vimeshikwa na utepe wa chuma unaopita juu ya utosi. Redio ya Baba ina tundu dogo ubavuni. Nicanor huwaambia watu ni la kupumulia. Mimi najua ni la hedifoni.

Mpango: nitamnunulia Dani hedifoni. Nina debe la njugu za kishamba changu. Nilikuwa naziwekea viatu, lakini miguu yangu haijalalamika bado. Mama amenikuta nikizitabasamia njugu, akaniuliza kama ninaumwa.

Sitanunua ovyo kama wasiosoma. Nimetunga kanuni. Sauti, alama kumi. Starehe, alama kumi. Thamani, alama kumi. Zikifika ishirini, zinanunuliwa. Zisipofika, haziguswi.

Jumamosi, 3 Agosti

Homa Bay. Mama alifuata samaki, mimi nikafuata sayansi.

Kuna duka la Mhindi linalouza gramafoni. Nilisimama nje mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama namngoja mtu. Nikasema ndiyo. Akarudi ndani. Baada ya muda ikabidi niingie, maana huyo mtu hakuwa anakuja.

Zilikuwa hedifoni mpya, kutoka Japani, zenye sponji na ngozi nyororo. Akanivisha mwenyewe. Ilikuwa kama mtu amenishika kichwa kwa viganja vya upole. Akaweka sahani ya santuri. Nilisikia gitaa, na vidole vikiteleza juu ya nyuzi zake, na mwimbaji akivuta pumzi kabla hajaimba. Sikujua kwamba waimbaji huvuta pumzi.

Nikamwambia mwenye duka kwa sauti ya chini, kwa heshima, kwamba nimeridhika sana. Duka zima likageuka. Mama mmoja akaangusha sabuni. Kumbe nilipiga kelele. Mtu aliyezibwa masikio hajui ukubwa wa sauti yake. Nami ndiye yule ambaye kila siku darasani huambiwa apaze sauti.

Sauti kumi. Starehe kumi. Kisha nikauliza bei. Akaitaja. Nikauliza kama hiyo ni pamoja na gramafoni. Akasema hapana, binti yangu. Thamani sifuri.

Jumla ishirini. Kwa mujibu wa kanuni, lazima zinunuliwe.

Nimebadilisha kanuni.

Jumanne, 6 Agosti

Sokoni Migori, na debe langu kichwani. Nimempata Mzee Gisiri, Mkuria kutoka upande wa Kehancha. Huuza tumbaku, na pembeni huuza vitu alivyotoka navyo vitani Burma, ambako alikuwa mtu wa simu za jeshi. Katikati ya mafurushi ya tumbaku: hedifoni. Nyeusi, za chuma, nzito kama jembe. Alisema ziliangushwa mtoni, zikakanyagwa na nyumbu, zikavuka bahari, na bado zinasema. Ncha ya waya wake imeshabadilishwa na fundi wa redio pale sokoni ili iingie katika redio za siku hizi.

Akanijaribishia kwa redio yake. Msomaji alisikika kama aliyefunikwa na sufuria, lakini kila neno lilifika. Kuhusu starehe, zilinibana kama askari anayetaka jibu.

Mzee Gisiri akataja bei. Nilitaka kumwambia kwamba sina pesa, nina njugu, lakini ulimi ukakataa. Nikamtazama tu. Akapunguza. Nikaendelea kumtazama, maana bado maneno hayakuja. Akapunguza tena, akaanza kulalamika kwamba mimi ni mtoto mdogo lakini nina moyo wa mamba. Mwishowe nikanyoosha kidole kwenye debe. Akachukua njugu, akanipa hedifoni, akaniongezea tumbaku ya kumpelekea Dani, akasema hajawahi kufanya biashara na mtu mkali kama mimi.

Sauti sita. Starehe moja. Thamani kumi. Jumla kumi na saba.

Nimebadilisha kanuni tena.

Jumatano, 7 Agosti

Nicanor alipokwenda mtoni kuoga, nilizijaribu kwa redio yetu. Zinafanya kazi! Jambo moja sikulitarajia: ncha ikiingia tunduni, redio yenyewe hunyamaza. Anayesikia ni yule aliyevaa tu. Nitalifikiria baadaye.

Tatizo kubwa ni starehe. Masikio yangu yalikuwa mekundu mpaka saa sita, na kichwa cha Dani ni kidogo. Basi nimeshinda mchana kutwa nikizishonea mito ya masikio. Pamba ya shamba letu, kitambaa cha gauni langu la zamani la shule, uzi mnene wa kushonea magunia. Nimepitisha sindano ndani kabisa, mara nyingi, nikakaza kwa meno. Hata ng'ombe azivute, mito hii haitoki.

Starehe sasa ni tisa. Jumla ishirini na tano. Nimerudisha kanuni ya kwanza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilimshika Dani mkono nikamtoa nyumbani kwake. Hakutaka. Nikamwambia sikioni kwamba leo redio itasema naye yeye mwenyewe. Akanitazama, akatafuta fimbo yake.

Nicanor alipomwona amevaa hedifoni akauliza kama Dani anakwenda kulima, mbona kafungwa nira. Nilichomeka waya kabla hajasimama. Redio ikanyamaza uani kote.

Manung'uniko. Min Roselyn, yaani mama yake Roselyn, jirani yetu, akasema amevuka kijito na mtoto mgongoni ili asikie nani amekufa, si kuja kumtazama mama mkwe wa watu akiwa na masikio ya chuma. Nicanor akaanza kuja. Nilitamani ardhi inimeze, nayo ilikuwa na shughuli nyingine.

Ndipo Dani akainua mkono.

Watu wote wakanyamaza. Dani alikuwa amefumba macho. Akakaa hivyo kitambo. Akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya kuvuka mto kwamba mtu wa redio anawasalimu. Anasema ng'ambo ya ziwa fahali ameingia kanisani akakataa kutoka mpaka sadaka ikusanywe. Anasema mwenye mtama uani auanue, mvua iko njiani. Anasema leo hakuna aliyekufa.

Min Roselyn akasema, ah, angalau siku moja wamepumzika. Watu wakacheka. Dani akacheka pamoja nao, palepale panapochekewa.

Sauti nimeipandisha. Nimeipa tisa.

Ijumaa, 9 Agosti

Watu wameongezeka. Wengine wameleta vigoda vyao.

Habari za leo zilikuwa nzuri sana. Bei ya pamba inaangaliwa. Msichana mmoja wa shule, mwembamba, asiyesema sana, ameonekana na wakubwa wa serikali kuwa ana akili nyingi. Nimefurahi kwamba redio sasa inajali elimu. Kisha mtangazaji akawakemea vijana wanaokaa na redio ya mtu siku nzima huku kuni za jikoni zimekwisha. Kila mtu akamgeukia Nicanor.

Nicanor hana kazi siku hizi. Amekaa nyuma, anachora chini kwa kijiti. Amesema habari zimekuwa za ajabu. Nimemwambia ni kwa sababu sasa tunazisikia vizuri. Nilimwambia papo hapo, si asubuhi iliyofuata. Siku kubwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku mbaya.

Nicanor alikuwa Ndhiwa jana mchana akasikiliza redio dukani. Walitangaza vifo, tena kimoja ni cha katekista ambaye hata Mama anamfahamu. Hakukuwa na msichana mwembamba. Amesema kesho, mbele ya watu wote, atamtaka Dani ampe hedifoni asikilize mwenyewe, ili wajue nani anadanganya katika boma hili.

Nilikwenda kwa Dani. Alikuwa amesinzia kitini, hedifoni mapajani, redio kando yake, maana siku hizi hulala kwake. Nikazichukua polepole, nikazichomeka, nikavaa. Kimya. Nikageuza kitufe. Kimya. Nikafumua mshono wangu. Ndani ya kikombe cha kushoto, waya mwembamba kama unywele ulikuwa umekatwa na ule uzi wa magunia. Waya ni mmoja, unapita kikombe hiki kisha unakwenda kile. Ukikatika, vyote vinakufa.

Sindano yangu. Tangu Jumatano. Dani hajasikia hata neno moja.

Nililia kidogo, juu ya pamba. Nilipoinua kichwa Dani alikuwa ananitazama. Nikamwambia yote sikioni. Akasema anajua.

Alisema jioni ya kwanza aliingoja sauti, asisikie kitu. Alitaka kuzivua. Alipofumbua macho akaona watu wote wamefunga midomo wanamtazama yeye. Akasema tangu babu yangu atutoke, hakuna mtu aliyenyamaza ili yeye aseme.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, ulikuwa umekwisha uza viatu vyako."

Nikataka kuunga waya hapo hapo. Akanishika mkono, akaniomba nishone kama mwanzo. Nikamuuliza, na katekista je? Akasema habari ya msiba haikosi miguu, itafika. Na Nicanor je? Akasema Nicanor pia ni mjukuu wake.

Sikuelewa hilo la mwisho. Nimeshona.

Jumapili, 11 Agosti

Nilisali kanisani redio iibwe. Haikuibwa.

Jioni uwanja ulijaa. Nicanor akasimama na kusema kwa heshima yote kwamba Dani anatutungia. Apewe yeye hedifoni asikilize, basi. Watu wakaguna. Min Roselyn akasema kweli, asikilize, tujue moja.

Dani hakubisha. Alimketisha Nicanor kwenye kiti chake. Akamvisha hedifoni mwenyewe, akazishusha vizuri juu ya masikio, akamfuta kitu shavuni kwa kidole gumba.

Kimya. Nilijua anachosikia: pamba.

Macho ya Nicanor yakaenda kwenye redio, yakafuata waya, yakafika kwangu. Nikatazama chini. Nilipotazama tena, yeye alikuwa anawatazama watu. Wote walikuwa wamemwinamia. Hata mtoto wa Min Roselyn alikuwa ameacha kunyonya. Dani alikaa mbele kabisa, kidevu mkononi, macho kwenye midomo ya mjukuu wake, tayari kucheka.

Kisha Nicanor akapiga kelele, kama wapigavyo wote waliozibwa masikio, kwamba mtangazaji anaanza kwa kumsalimu Dani kwa jina lake.

Watu wakapiga makofi. Dani hakusikia jina lake, lakini aliwaona wakimgeukia. Akainamisha kichwa kama bibi arusi.

Nicanor aliendelea mpaka taa ikaletwa. Kifo cha katekista alikitangaza sawasawa, kwa upole, na tukasimama. Baada ya hapo fahali wa kanisani alirudi, safari hii na mkewe.

Jumatatu, 12 Agosti

Nicanor ameuliza kama leo ni zamu yake au ya Dani.

Nimetafakari sana. Kitu kilichoharibika hutengenezwa. Asubuhi nilifumua mshono, nikaunga waya, nikajaribu. Zinasema vizuri, kila neno. Sikumwambia mtu. Nilitaka Dani apate furaha kamili.

Jioni akavaa. Nikaona ameshtuka. Sauti imefika! Alisikiliza taarifa yote mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni wa mbali. Watu wakamngoja. Kisha akazivua, akanirudishia mapajani, akasema huyo bwana wa ndani anasema vizuri, ila hajui anasema na nani. Akaniomba nikate tena nilipokata. Akageuka kuwaambia watu habari bila hedifoni, na hakuna aliyeondoka.

Nimepata jibu. Ni sauti. Bwana yule anasikika kutoka mbali mno, ndiyo maana hajamvutia Dani. Hedifoni hazina kosa, kinachokosekana ni antena. Min Roselyn ana waya mrefu wa kuanikia nguo, na hafui Jumanne. Kesho nitaupeleka juu ya bati na kuufunga kwenye kilele cha nyumba.

Nicanor amekubali kunishikia ngazi. Hajawahi kunikubalia jambo upesi hivyo.